Moja Inayobaki

Karatasi ya A4 imezoeleka hadi haionekani tena. Inabeba barua ya kuomba kazi, hati ya mauziano ya kiwanja, majibu ya vipimo vya hospitali, tangazo la mazishi lililobandikwa ubaoni, na mtihani wa hisabati uliotolewa kopi jioni katika steshenari ya jirani. Hutoka kwenye rimu moja baada ya nyingine, na hakuna anayeiuliza ilikotoka. Lakini ichukulie rula uipime. Upana wake ni milimita 210, urefu wake milimita 297. Namba za ajabu hizi. Kama mtu alitaka tu pa kuandikia, 200 kwa 300 zingemtosha, na zingekaa vizuri kichwani. Usione vyaelea, vimeundwa. Ikunje karatasi hiyo katikati ya urefu wake upate A5: ukubwa umepungua, umbo ni lilelile. Weka mbili ubavu kwa ubavu upate A3: ukubwa umeongezeka, umbo ni lilelile. Endelea kukunja mpaka kibaki kijikaratasi cha kuandikia namba ya simu, na umbo halitabadilika. Mistatili mingine yote, mirefu kwa mifupi, ikikunjwa hivyo hupoteza sura yake. Unaosalimika ni mmoja tu, ule ambao urefu wake ni upana mara kipeuo cha pili cha 2. Ndiyo √2, ile alama ambayo wengi wetu tulikutana nayo kidato cha pili tukadhani imetungwa ili kututesa, kumbe ndiyo iliyoikata karatasi tuliyokuwa tukiandikia.

Wazo hilo lina umri wake. Mwaka 1786 mwanafizikia Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alimwandikia mwenzake Johann Beckmann barua akisifu karatasi ya umbo hili. Mwaka 1922 Ujerumani ikalifanya kiwango cha taifa kwa kazi ya Walter Porstmann, na mwaka 1975 likawa kiwango cha kimataifa. Mashine ya kopi imeikariri hesabu yake: anayetaka kukuza A4 iwe A3 hubonyeza asilimia 141, na anayetaka kuirudisha hubonyeza 70 au 71. Kila upande ukikua mara √2, eneo huwa maradufu. Rudia mara ya pili, na sasa kila upande ni mara mbili ya ulivyokuwa. Kwa hiyo √2 × √2 = 2, sheria ya kwanza ya kuzidisha vipeuo, hutekelezwa kila siku na kijana wa steshenari ambaye huenda aliapa kutoigusa tena hisabati baada ya mtihani wa mwisho. Na mwanafunzi aliyeinamia swali la kurahisisha √8 + √18 analiandika jibu ndani ya √2, ukingo hadi ukingo.

Hata hivyo karatasi yenyewe haikufika. Gawanya 297 na 210 kwa 3, upate 99 na 70. Kama 99 juu ya 70 ingekuwa √2 hasa, basi 99 mara 99 ingekuwa sawa na mara mbili ya 70 mara 70. Upande mmoja unatoa 9,801, upande wa pili 9,800. Imebaki moja. Jaribu sehemu yenye namba ndogo zaidi, 17 juu ya 12: upande mmoja 289, wa pili 288. Imebaki moja. Katika maandiko ya kale ya India yaitwayo Sulbasutra, yaliyofundisha kupima madhabahu kwa kamba, kuna kanuni ya ulalo wa mraba ambayo ukiikusanya inakupa 577 juu ya 408. Zidisha: 332,929 dhidi ya 332,928. Moja tena. Waandishi wa Babeli nao, kati ya mwaka 1800 na 1600 Kabla ya Kristo, waliacha kibao cha udongo kinachoenea kiganjani, ambacho sasa kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Juu yake pamechorwa mraba na mistari yake ya kona kwa kona, na kwa hesabu yao ya sitini pameandikwa 1, 24, 51, 10: moja, na sehemu 24 za sitini, na 51 za 3,600, na 10 za 216,000. Hitilafu yake haifikii sehemu moja ya milioni. Wataalamu huamini kuwa kibao hicho ni kazi ya mwanafunzi. Miaka elfu tatu na mia kadhaa, na bado tunasogea kandokando ya kitu kilekile, kila anayekuja akikikaribia kwa njia yake, na wote wakibaki nje.

Mtu mwenye bidii atasema tusichoke, huenda mahali fulani kuna namba mbili kubwa mno ambazo zitalingana bila baki. Hazipo, na sababu yake haihitaji chuo kikuu. Chukua namba nzima yoyote, izidishe kwa yenyewe, kisha ivunje katika namba tasa zake. Kila namba tasa itatokea kwa jozi, maana iliyokuwemo mara moja sasa imo mara mbili. Basi katika mraba wa namba ya juu, idadi ya 2 ni shufwa. Katika mraba wa namba ya chini idadi ya 2 nayo ni shufwa, lakini tumeuzidisha kwa 2 moja zaidi ili ulingane na wa juu, na hiyo moja inaigeuza idadi kuwa witiri. Shufwa na witiri hazikutani, hata namba ziwe ndefu kama njia ya Cairo hadi Cape Town. Ile 2 ya ziada inatafuta mwenza na mwenza hayupo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kwa kuwa tofauti kati ya namba nzima mbili zisizolingana haiwezi kuwa chini ya moja, zile 17 na 12, 99 na 70, 577 na 408 zimefanya yote yanayowezekana. Moja ni umbali mdogo kuliko wote unaoruhusiwa, na zimeufikia.

Ukishaiona hiyo 2 isiyo na mwenza, kujumlisha vipeuo kunaacha kuwa kanuni ya kukariri. Alama ya kipeuo ni nyumba ambayo mlango wake hupitisha wawiliwawili: jozi ikitoka nje huhesabiwa mtu mmoja, na asiye na mwenza hubaki ndani. Ndani ya √8 mna 2, 2 na 2. Jozi inatoka, mmoja anabaki, tunaandika 2√2. Ndani ya √18 mna 2, 3 na 3. Jozi ya 3 inatoka, 2 inabaki, tunaandika 3√2. Kwa nje 8 na 18 zilikuwa wageni, hazikuwa na la kujumlishwa. Baada ya kutoa wenye kutoka, kumbe waliobaki ndani ni mtu yuleyule, na sasa mbili na tatu zinakuwa tano: 5√2, ambayo ni √50. Kujumlisha kunadai udugu, lakini ni udugu wa kilichobaki, ambao hauonekani mpaka mtu akubali kazi ya kufungua. Wanaokosa swali hili hawakosi kujumlisha. Wanakosa subira ya kufungua, au, kosa lililo baya zaidi, wanajumlisha kabla ya kufungua.

Na pasipo udugu, kujumlisha hukataa. √2 + √3 inabaki √2 + √3, na mwalimu anayesahihisha huliandikia vema jibu ambalo mtoto analiona kama swali lilelile. Kishawishi cha kuandika √5 ni kikubwa, kwa sababu jibu hilo linaonekana nadhifu. Lakini vipeuo vya 9 na 16 ni 3 na 4, jumla 7, ilhali kipeuo cha 25 ni 5: anayezunguka kiwanja kwa kufuata pande mbili hatembei sawa na anayekata mshazari. Abu Kamil wa Misri, aliyeishi karne ya 9 na mwanzo wa karne ya 10 na kuingia katika historia kwa jina la Mhesabuji wa Misri, aliandika kanuni inayosema kwamba jumla ya vipeuo viwili ni kipeuo cha jumla ya namba hizo pamoja na mara mbili ya kipeuo cha zao lao. Kwa 9 na 16 ni 25 na 24 zaidi, yaani 49, na kipeuo chake ni 7. Kwa 8 na 18 ni 26 na 24, yaani 50. Kwa 2 na 3 ni 5 na 2√6, kipeuo ndani ya kipeuo, mlango haujafunguka. Unadhifu wa √5 ulipatikana kwa kulitupa lile fungu la katikati, fungu linalotokana na wawili hao kukutana. Nawafikiria watu ambao mama ni Mnyamwezi na baba ni Mdigo, wanaoulizwa kila mara, “Sasa wewe hasa ni kabila gani?” Muulizaji anataka √5. Jibu la kweli lina alama ya kujumlisha katikati, na halina haja ya kufupishwa.

Kuzidisha hakuna ubaguzi huo. √2 na √3, ambazo hazikuweza kujumlishwa, zinazidishana bila masharti na kuwa √6. Jambo linalonishangaza zaidi liko katika √6 × √10. Kila moja, ukiifungua peke yake, haitoi kitu: ndani ya 6 mna 2 na 3, ndani ya 10 mna 2 na 5, hakuna jozi, hakuna anayetoka. Zikizidishwa zinakuwa √60, chini ya paa moja, na 2 ya huku inakutana na 2 ya kule. Zinatoka pamoja. Wanabaki 3 na 5, na jibu ni 2√15. Uhuru ambao hakuna nyumba iliyokuwa nao umepatikana kwa kukutana na mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kujumlisha kulitudai tuthibitishe kwanza kuwa tu ndugu. Kuzidisha kunatukutanisha kwanza, udugu ukionekana baadaye, au usionekane, na hakuna aliyedanganywa.

Kutoa ndiko kunakoumiza, hasa kutoa vitu vinavyokaribiana. √50 − √32 haina tabu: 5√2 toa 4√2, inabaki √2. Lakini tazama 17 − 12√2. Tunajua tayari kwamba 17 juu ya 12 inakaribia sana √2, kwa hiyo 12√2 inakaribia sana 17, na tofauti ni chembe. Tuseme swali linataka 1 igawanywe kwa chembe hiyo. Mwenye haraka anafungua kitabu cha majedwali, kile cha tarakimu nne kilichochakazwa na vizazi vya watahiniwa, anasoma kuwa √2 ni 1.414, anazidisha kwa 12 anapata 16.968, anatoa katika 17 inabaki 0.032, anagawanya: 31.25. Hakuna mahali alipokosea katika kuzidisha, wala kutoa, wala kugawanya. Na jibu sahihi ni 33.97. Zaidi ya mbili na nusu zimepotea, na mwizi ni ile tarakimu ya tano iliyokatwa mapema, ilipokuwa haionekani kuwa na thamani. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hapo ndipo ninapoielewa alama yenyewe. Theodorus wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, anasimuliwa na Plato katika kitabu chake Theaetetus kuwa alithibitisha ukaidi wa vipeuo kimoja kimoja, kuanzia cha 3 hadi cha 17, akaishia hapo. Wanahisabati wa Baghdad na Misri walivitumia kwa maneno matupu, sentensi juu ya sentensi. Mwaka 1525 Christoph Rudolff alichapisha kitabu cha aljebra chenye alama √, na mwaka 1637 René Descartes akaiongezea mstari wa juu, paa linaloonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje. Nimekuwa nikiiona alama hiyo kama amri: “tafuta kipeuo”. Siku hizi naisoma kama ruhusa ya kutotafuta bado. Inasema: kipo kitu hapa ambacho ukikizidisha kwa chenyewe kinatoa 2, na hilo ndilo ninalolijua kwa hakika, yaliyobaki ni makadirio, na makadirio nitayafanya nitakapolazimika. Akiba haiozi. Fundi wa kukata karatasi analazimika, kwa sababu kisu hakiwezi kusubiri tarakimu zisizo na mwisho, ndiyo maana alikata kwenye 297 na hakuna anayemlaumu. Kukadiria ni kazi ya mkono, na huja mwisho. Kosa ni kukadiria katikati ya kufikiri, pale ambapo hatua tatu bado zinakuja na kila moja itaikuza hitilafu.

Je, kukijua kitu ni kukimaliza? Shule nyingi zilitufundisha hivyo bila kukusudia: jibu ni namba moja iliyopigiwa mistari miwili chini. Tukatoka na tabia hiyo tukaipeleka barazani, kwenye vikao vya ukoo, kwenye ndoa. Tunataka marehemu awe mtu mwema au mbaya, kabla ya udongo kukauka. Tunataka ugomvi wa shamba uliorithiwa kutoka kwa mababu uishe kwa kikao kimoja na soda. Tunamkadiria mtu kwa tarakimu nne, kisha juu ya makadirio hayo tunazidisha, tunatoa, tunagawanya, na miaka ishirini baadaye tunashangaa kwamba hesabu zetu zote ni safi na jibu halifanani na mtu tunayemwona. Wazee waliokuwa wakisema “neno hili tuliache lilale” hawakuwa wamelikimbia. Walilifunika paa, wakaendelea na mengine huku wakijua sawasawa kilichomo ndani.

Lakini kuna wakati wa kugawanya, na kugawanya hakusubiri. Mwalimu hutuambia tusiache kipeuo chini ya mstari wa sehemu, na wengi hudhani ni adabu tu ya kuandika. Zamani ilikuwa huruma: kugawanya 1 kwa 1.41421 kwa kalamu ni adhabu, ilhali √2 juu ya 2 ni ile ile, na kugawanya 1.41421 kwa 2 anaweza mtoto. Kwa swali letu la 17 − 12√2 njia ni kumwita mwenzake mwenye alama iliyogeuzwa, 17 + 12√2, na kuzidisha juu na chini. Chini kunatokea 17 mara 17 toa 12 mara 12 mara 2, yaani 289 toa 288. Chini kumebaki moja. Juu kumebaki 17 + 12√2 peke yake, na sasa hata yule mwenye kitabu cha majedwali, kwa 1.414 yake ileile, anapata 33.968. Kwa karatasi ya A4 ni vivyo hivyo: 99 − 70√2 ikizidishwa na 99 + 70√2 inatoa 9,801 toa 9,800.

Ni ile moja tuliyoihesabu kuwa upungufu. Tuliiona kwenye madhabahu za India na kwenye ukingo wa karatasi, tukasema wamekosa kwa kidogo. Sasa imekuja kuwa ndiyo inayogawanya. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini hapa ni zaidi ya nafuu. Fikiria kwamba mahali fulani namba mbili zingefika, mraba wa moja ulingane kabisa na maradufu ya mraba wa nyingine, ile hamu ya kale itimie. Tofauti chini ya mstari ingekuwa sifuri, na kwa sifuri hakuna kugawanya. Kwa sababu √2 haifikiwi na sehemu yoyote, hesabu ya namna hii haiwezi kutuangusha kwenye sifuri hata mara moja, labda tuanze na sifuri yenyewe. Kila jumla ya namba nzima na kipeuo hicho, hata iwe chembe kiasi gani, ina mwenza wa kuigeuza, na tunaweza kugawanya kwayo. Tulikuwa tunaomboleza umbali ambao, kama usingekuwepo, kazi yote ingesimama.